Fyuzi ya Kesho

Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, la aina ile ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa rangi ya boneti ilikuwa imepauka kwa jua, na mlango wa nyuma haukuweza tena kusimama wenyewe. Mwenye gari alikuwa na kijiti cha kuutegemeza, amekivalisha vipande vya ndala kuukuu kwenye ncha zote mbili kisikwangue bati. Ukikiona kijiti kile tu, ulijua mwenye gari ni mtu wa namna gani.

Watu wa sokoni walimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa ghala mpaka ghala lilipofungwa, na hata baada ya hapo hakuacha kuchomekea shati. Mkewe walimwita Mama Saizi. Waliuza nguo za watoto za mtumba kutoka ndani ya gari hilo, leo soko hili, kesho lile, na mama huyo akimtazama mtoto mara moja tu alikuwa anasema, "Huyu ni wa miaka minne, lakini tumbo la miaka sita," naye anachomoa suruali inayomkaa kama aliyeshonewa.

Jumamosi moja asubuhi Karani alilisogeza gari hadi mbele ya banda la fundi wa umeme wa magari, ambaye ni kaka mkubwa wa Mama Saizi.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Aa, Karani! Umeniletea debe lako?"

"Debe ndilo linatupa kula, shemeji. Usilitukane likakusikia."

Fundi akacheka. Karani akafungua nyuma, akasimamisha kijiti chake, akafunua shuka. Palikuwa na sabufa moja kwenye boksi la mbao lililotobolewa, na amplifaya yenye mikwaruzo, vyote vimenunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba.

"Jirani yetu anayeuza masufuria ameweka muziki," Karani akaeleza. "Watu wanajaa kwake hata wasiohitaji sufuria. Kwetu wanapita kimya kama wanapita kwenye msiba. Mke wangu alitaka tununue meza na turubai. Nikamwambia, meza haiiti mtu."

"Umesema kweli. Weka hapo, nitakufungia."

Fundi alikuwa anaijua kazi yake, hilo lazima lisemwe. Alikuwa akiwaeleza wateja kwa subira, akiwaonyesha kwa kidole. Waya mnene mwekundu unatoka kwenye betri, unapita kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na ndani ya gari, unalala chini ya zulia mpaka nyuma. Tundu la kwenye bati lazima livalishwe mpira, maana bati lililotobolewa ni wembe. Waya mweusi unafungwa kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae. Na karibu kabisa na betri, umbali usiozidi kiganja, inakaa fyuzi kubwa. "Fyuzi hii hailindi muziki," alikuwa akisema, "inalinda watu. Waya ukigusa bati, inakatika yeye kwanza." Alikuwa anaisema fyuzi kama mtu, "yeye", na wateja walipenda.

Lakini bandani mle, kama ilivyo kwa mafundi wengi, kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Kazi ya ndugu hufanywa kwa mabaki. Fundi cherehani humshonea dada yake gauni kwa vitambaa vilivyosalia, mwashi humalizia ukuta wa mdogo wake kwa saruji ya mwisho wa mfuko, na wala si kwa ubaya. Ndugu hana haraka, ndugu analeta soda na shukrani. Basi fundi akatafuta waya kwenye kisanduku cha mabaki, akapata vipande viwili, akaviunga vizuri kwa kuchomelea risasi. Mpira wa tundu haukuwepo, akauzungushia waya tepu nyeusi mara nne. Fyuzi kubwa ilikuwepo moja, mpya, ndani ya kikasha chake cha plastiki. Akaiweka juu ya betri tayari kuifunga.

Hapo likaingia gari kubwa, jeusi, linanukia upya. Aliyeshuka alikuwa bwana wa ofisini mwenye funguo nyingi.

"Fundi, nataka kazi kama hiyo hiyo, sasa hivi. Nina safari."

Fundi akamtazama bwana, akaitazama fyuzi. Akaichukua.

"Shemeji, ngoja kidogo tu," akamwambia Karani. "Hii fyuzi ya mbele nitakuwekea kesho. Amplifaya yenyewe ina fyuzi zake ndani. Itatosha kwa leo."

"Haina shida lakini?"

"Karani, fundi ni mimi au wewe?"

Karani akachomekea shati ambalo halikuwa limechomoka. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula cha mchana la mumewe. Alisikia yote. Hakuyatilia maanani. Bakuli lilikuwa la moto, alitaka kulitua.

*

Muziki uliita watu kweli. Wiki ya kwanza Mama Saizi aliishiwa na suruali za shule kabla ya saa sita mchana, akawa anacheza kidogo kwa mabega huku anakunja nguo, na muuza masufuria akaja kuomba wapunguze sauti. "Ulianza wewe," Karani akamwambia, nao wakacheka.

Kesho ya fyuzi haikufika. Karani alirudi bandani mara mbili. Mara ya kwanza fundi alikuwa chini ya lori, akasema, "Kaa hapo, shemeji," na Karani akakaa juu ya tairi bovu kuanzia saa mbili hadi saa sita, akiwapisha wateja waliokuja baada yake, mpaka akakumbuka kuwa mkewe yuko sokoni peke yake. Mara ya pili fundi alimwambia fyuzi zimekwisha dukani. Zilikuwepo. Fundi hakuwa ameuliza. Mara ya tatu Karani aliona aibu kwenda. Mtu akikufanyia kazi bure, unamdai vipi?

*

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, nao ndiyo kwanza wanaingia sokoni. Barabara ya kuingia pale ilikuwa ya mashimo, na katika siku kumi na nane za kutikiswa bati lilikuwa limeshamaliza kuila ile tepu. Karani alisikia harufu kama ya kandambili iliyoangukia motoni. Akadhani ni jalala. Kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, karibu na miguu yake.

"Shuka! Shuka, mama!"

Akazima gari. Moshi haukukoma, maana waya ule haukuwa unategemea ufunguo, ulikuwa unakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Akafungua boneti. Waya mwekundu haukuwa mwekundu tena, ganda lake lilikuwa linadondoka kwa matone yenye moto. Akataka kuchomoa kichwa cha betri, lakini nati ilitaka spana namba kumi, na spana hakuwa nayo. Akavuta kwa mikono. "Spana namba kumi!" akapiga kelele. "Jamani, nani ana spana namba kumi!" Watu wa sokoni wakakimbia huku na huku. Mmoja akaleta spana namba kumi na nne.

Mama Saizi naye alikuwa amezunguka nyuma. Robota zima la makoti ya watoto lilikuwa limefunguliwa jana yake, lote lilikuwa mle. Akavuta rundo la kwanza, akalitupa chini. Akavuta la pili. Alipoingia kwa mikono yote miwili kuchukua la tatu, viti vilikuwa vimeshika moto, na nailoni ya makoti ikayeyuka ikamganda kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Muuza masufuria ndiye aliyemvuta kwa kiuno na kumtia mikono ndani ya beseni la maji.

Gari liliungua nusu saa. Mchanga uliletwa likiwa limebaki fremu.

*

Siku ya nne ndugu wa mke wakaitana nyumbani kwa fundi. Sebule ilikuwa ndogo, yenye viti vitano na kigoda. Mama yao fundi na dada yake, Bi Mkubwa, aliyekuwa anaishi hapo kwa mwanawe, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Mjomba akakaa katikati. Karani alipoingia viti viwili vilikuwa bado vitupu, lakini mjomba akamwonyesha kigoda. Akakaa, magoti yake yakawa juu kuliko tumbo. Viganja vyake vilifungwa kitambaa.

"Tueleze," mjomba akasema. "Ulikuwa unavuta sigara?"

"Sivuti, mjomba."

"Ulibeba petroli kwenye dumu?"

"Hapana."

"Basi moto ulishuka mbinguni?"

Bi Mkubwa akalia kwa sauti ndogo. "Mwanangu alikuwa na mikono mizuri. Nilikupa mtoto mwenye mikono mizuri. Umenirudishia nini? Asubuhi muziki, jioni muziki, utadhani mnauza ngoma!"

"Nisameheni, mama."

Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Fundi, wewe ndiye mjuzi hapa. Gari linaweza kuwaka lenyewe tu?"

Mke wa fundi alikuwa anagawa chai. Akasimama na birika mkononi. Fundi akakohoa, akautazama mguu wa meza.

"Magari ya zamani yana mambo mengi, mjomba. Mpira wa petroli unachoka. Yule mwenye gari asipoangalia..." Hakumaliza sentensi. Haikuhitaji kumaliziwa.

Karani aliinua uso, akamtazama shemeji yake kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Kisha akainama. "Ndiyo," akasema. "Lilikuwa gari la zamani."

Basi wakaamua. Mama Saizi akitoka hospitali atarudi hapa kwa mama yake. Karani atajipanga kwanza, na asiende tena wodini kumtia mgonjwa uchungu. Mgonjwa mwenyewe, mama yake alisema, amekubali. Karani aliposimama miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kigoda, akayumba, akashika ukuta. Mjomba akasema, "Taratibu, usitubomolee na nyumba."

*

"Nilikuwepo," mke wa fundi alimwambia mumewe walipobaki wawili.

"Wapi?"

"Usiniulize wapi. Nilikuwa nimeshika bakuli lako. Ulisema kesho."

Fundi akafunga mlango wa chumbani, ingawa ulikuwa umefungwa. "Unajua neno hilo likitoka nje ya nyumba hii, nani ataniletea gari lake? Unataka tule nini? Mama atakula nini?"

"Sijui tutakula nini."

"Basi nyamaza."

"Mimi kila mchana ndiye ninayemlisha wifi yangu. Anafungua mdomo kama kinda, namtia kijiko. Ananiambia, 'Wifi, yule mwanaume ameniharibia maisha, bahati yangu nina kaka.' Nijibu nini? Niambie neno la kujibu, nitalisema." Akasubiri. "Huna. Basi utasema wewe, au nitasema mimi. Na nikisema mimi, nitasema na lile la mpira wa petroli."

*

Fundi hakwenda hospitali siku hiyo. Alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ambako mabaki ya gari yalikuwa yamevutwa, na mfukoni alikuwa na plaizi ya kukatia waya. Alijiambia anakwenda tu kutazama. Mtu anayekwenda kutazama habebi plaizi.

Alimkuta Karani. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya fremu, anafungua taa moja ya nyuma ambayo haikuungua, skrubu anaziweka ndani ya kifuniko cha chupa.

"Karibu, shemeji."

"Nilikuwa napita."

"Ndiyo."

Fundi akasogea mbele. Boneti haikuwepo. Akainama kwenye ukuta wa bati, akaliona tundu alilolitoboa kwa mkono wake. Vijitone vya shaba vilikuwa vimegandia kwenye ukingo wake kama mayai ya mdudu, pale waya ulipogusa bati ukajichomelea. Fundi yeyote, hata wa wiki mbili, angesoma pale kama anasoma kibao cha dukani. Na kando ya betri, mahali pa fyuzi, waya ulikuwa umepita mtupu.

"Mzee wa hapa alinionyesha," Karani akasema kutoka nyuma, bila kuinua kichwa. "Siku ya pili tu. Akaniuliza, nani alikufungia hivi? Nikamwambia mtu wa njiani."

Kwa hiyo alikuwa anajua alipokaa kwenye kigoda.

"Kwa nini hukusema?"

Karani akachukua muda, skrubu ilikuwa imeshika kutu. "Ningesema nini? Kwa nani? Pale kwenu, shemeji, mimi ni mtu wa kuja." Skrubu ikalegea. "Halafu nikafikiri. Mke wangu mikono ameungua. Mimi mumewe ameshanichukia. Nikimwondolea na kaka, amebaki na nini? Mume anaweza kupata mwingine. Kaka hauzwi dukani."

Fundi alihisi kifua kimemfunguka, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza katika siku tano. Alikuwa amepona. Na kabla hajajizuia mdomo wake ukasema, "Asante."

Karani akainua kichwa. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama kama karani wa ghala anavyomtazama mtu aliyesaini magunia kumi, akabeba kumi na mawili.

"Una plaizi hapo mfukoni, shemeji?" akauliza. "Niazime. Hii ya mwisho inanisumbua na vidole vyangu hivi."

Fundi akamwazima. Akasimama kando, mikono mitupu, mpaka taa ikatoka.

*

Kesho yake akaenda hospitali. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa saba mchana. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kilikuwa na watu wake na vyombo vyao. Mama Saizi alikuwa ameegemezwa mito, mikono yake mbele yake imevingirishwa bendeji nyeupe, minene, haina vidole. Daktari alikuwa amesema mkono wa kushoto huenda ukafunguka. Wa kulia hakuutaja.

"Kaka!" Uso ukamchangamka. "Wifi kasema umezidiwa na kazi. Njoo ukae. Nikune hapa puani, tafadhali, tangu asubuhi panawasha na naona haya kumwita nesi."

Akamkuna. Akakaa pembeni ya kitanda, akaondoka pembeni ya kitanda, akasimama.

"Sikuweka fyuzi," akasema.

"Nini?"

"Kwenye gari. Fyuzi ya mbele. Nilikuwa nayo, nikampa mteja. Nikasema kesho. Mume wako alikuja mara mbili kunikumbusha, nikamkalisha kwenye tairi. Na tundu sikulivalisha mpira. Waya ndio ulioungua. Mpira wa petroli haukuwa na kosa lolote." Alisema yote kwa mfululizo, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, anahofia akisimama ataanguka.

Mama Saizi hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake kwa lile jicho lake la kupima.

"Ulijua kwamba ni hatari?"

"Nilijua."

"Yaani si kwamba ulisahau."

"Sikusahau."

"Na pale kwenye kikao yeye alikuwepo, mama kanisimulia. Ukawaacha wamkalishe kwenye kigoda."

"Ndiyo."

"Nami nikamfukuza hapa hapa. Nilimwambia nikiona shati lake tena nitatapika." Machozi yakamtoka, hakuwa na mkono wa kuyafuta, na fundi alipoleta wake akageuza uso ukutani. Akakaa hivyo mpaka kitanda cha jirani wakamaliza kula na kufunga vyombo vyao.

"Toa simu," akasema kwa ukuta. "Mpigie."

Fundi akapiga. Simu ikaanza kuita.

"Nishikie sikioni."

Akainama, akamwekea simu sikioni. Ilimbidi asogee karibu sana, kiasi cha kusikia sauti zote mbili. Alimsikia Karani akisema, "Halo, shemeji?" na dada yake akijibu, "Si shemeji. Ni mimi." Kisha, "Baba, nimeambiwa. Nisamehe. Shati lolote, hata lile la bluu, njoo nalo." Karani alikuwa anasema neno kwa upole, anauliza amekula nini. Fundi aliangalia saa ya ukutani. Aliangalia kucha zake, zilikuwa na grisi.

"Sasa mjomba," dada akasema simu ilipokatika.

"Mjomba nitamwambia mwenyewe, nikifika..."

"Utamwambia kesho?"

Akapiga kwa mjomba. Mjomba kwenye simu alikuwa hasikii vizuri, alitaka kila neno lisemwe mara mbili, kwa sauti. "Nani?" sauti yake ikatoka. "Nani hakuweka?"

"Kaka!" Mama Saizi akasema kwa nguvu. "Fundi! Kaka yangu! Hakuweka! Alijua!"

Wodi nzima ikageuka. Nesi akasimama na sinia lake. Fundi akabaki ameinama pale pale, simu imeganda kwenye sikio la dada yake, shingo inamuuma.

"Bado mama," akasema Mama Saizi. "Mpigie mama. Na usiitoe mpaka nikwambie nimemaliza."